Mahindi Yasiyo na Vichwa

Shemeji yangu Wenceslaus Masatu anauza mbegu sokoni Bunda. Mbegu za paketi, zile zilizopakwa dawa mpaka zikawa nyekundu, zote saizi moja, ukimwaga mkononi huwezi kuitofautisha hii na ile. Wateja wanamwuliza ipi inafaa kwa mvua chache, naye anawaelekeza bila haraka. Mtu akirudi kumfokea kwamba mbegu hazikuota, anamsikiliza mpaka mwisho, halafu anasema pole. Mimi mtu huyo ningeshamrushia paketi usoni, niseme ukweli.

Watu wa pale sokoni wanadhani kazaliwa mpole. Wapi. Nilimfahamu akiwa mbishi, anaweza kubishana na dereva, na katekista, na redio. Upole aliupata ukubwani, na najua aliupatia wapi. Aliupatia Guta, nyuma ya nyumba ya mama yake, mwaka themanini na nne, na mimi nilikuwa nimesimama karibu naye.

Mimi ni Marcelina, mdogo wake Jenoveva, na Jenoveva ndiye mke wa Wenceslaus. Nakaa Nyakato, Musoma, nashona nguo. Siku hizo Wenceslaus alikuwa mfanyakazi wa shamba kwenye kituo kimoja cha utafiti wa mazao huku kwetu, chini ya mtu aliyeitwa Dakta Mniko. Dakta alisomea mahindi. Nilimcheka niliposikia. Nikasema mtu anakwenda chuo kikuu kusomea mahindi wakati bibi yangu aliyalima bila kujua kusoma.

Lakini hayo mahindi yake yalikuwaga na jambo. Dakta alikuta muhindi mmoja kwenye gulio la Bunda, kwa mama mmoja aliyekuwa ameutupa pembeni kwa sababu wanunuzi walikuwa wanaukataa. Punje zake zilikuwa nyeupe zenye madoa ya zambarau. Punje nyingine ina doa kubwa nusu nzima, nyingine imenyunyiziwa vidoa vidogo kama vumbi la mvua ya kwanza. Dakta akaununua, akaupanda, akaendelea kuupanda msimu kwa msimu, na Wenceslaus ndiye aliyekuwa mikono yake.

Wenceslaus alinieleza siku moja nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Alisema ndani ya mbegu kuna kitu kidogo sana kisichokaa mahali pamoja. Kinahama. Kikienda kukaa pale panapotengenezewa rangi, rangi inazimika, punje inabaki nyeupe. Kikiinuka kwenda kwingine, rangi inarudi hapohapo ilipoachiwa nafasi. Kikiinuka mapema, punje ikiwa bado inakua, doa linakuwa kubwa. Kikichelewa, doa linakuwa dogo. Nikasema, kumbe ni kama mgeni anayekuja kukaa kwenye kiti changu cha cherehani: akikaa yeye, mimi sishoni; akiinuka, nashona. Akafurahi sana, akasema Dakta mwenyewe hajawahi kulisema vizuri hivyo. Nikamwambia basi kitu hicho nakijua, ni mume wa jirani yangu hapa, leo nyumba hii kesho ile, na kila anapotoka anaacha doa. Tulicheka mpaka Jenoveva akatufukuza.

Shemeji na shemeji tunataniana, ndiyo maana alinieleza na yaliyobaki. Alisema kwenye bua la muhindi mume yuko juu na mke yuko kiunoni. Mbelewele, kile kichwa cha juu kinachochanua, ndicho mume. Zile ndevu laini zinazotoka kwenye muhindi mchanga ndizo mke. Unga wa kichwa usipoziangukia ndevu, hakuna punje hata moja. Na kwa mahindi ya Dakta unga wa nje haukutakiwa kabisa, kwa hiyo kila muhindi mchanga unavalishwa mfuko wa karatasi kabla ndevu hazijatoka, na kila mbelewele inavalishwa mfuko wake kuukinga unga, halafu siku ikifika unachukua unga wa bua hilihili na kulipaka lenyewe kwa mkono. Nikamwuliza kama analipwa kwa kazi ya kuozesha mahindi. Akasema ndiyo, na posa hana.

Sasa hayo aliniambia mimi. Kwa mama yake yasingemtoka. Mama yake, Mama Dafroza, alikuwa mjane wa pale Guta, mtu wa ziwani aliyeolewa na watu wa ng'ombe, na katika nyumba ile mwanaume mtu mzima hatamki habari za mume na mke mbele ya mama aliyemzaa. Hata za wanyama. Ng'ombe akitaka dume, Wenceslaus hasemi. Anamtuma Jenoveva akamwambie mama. Kuku akipanda kuku uani, anageuka kuangalia ziwa kana kwamba kuna mtu anamwita. Mimi nilikuwaga nacheka. Sasa sicheki.

Mambo yakaharibika, mnajua wenyewe. Sabuni hakuna, sukari hakuna, kitambaa nilikuwa nashona viraka juu ya viraka, ugali tunakula wa unga wa njano, ule tulioubatiza Yanga kwa rangi ya jezi zao. Kituoni dizeli ikaisha. Chumba cha baridi walichohifadhia mbegu kikazima, kikabaki chumba kama vyumba vingine. Dakta Mniko akapata nafasi ya kwenda kusoma zaidi nje. Siku ya kuondoka alimshika Wenceslaus mkono akamwambia jambo moja tu, kwamba mahindi yale yasife mpaka arudi.

Maana mbegu ya mahindi haikai. Ukiiweka kwenye joto letu miaka michache, inakuwa chakula, haioti tena. Ili iishi lazima uipande, uiozeshe, uvune mpya. Na hicho kitu chenye kuhama, cha aina ile, kilikuwa kwenye ukoo ule tu wa mahindi. Dakta alikuwa ameukuza misimu yote ile ukiwa peke yake. Ukifa, hakuna gulio la kwenda kuutafuta. Yule mama wa Bunda hata jina lake hawakuliuliza.

Wenceslaus alilichukua jambo lile kama kapewa mtoto kulea. Kule kituoni uzio ulikuwa umeibwa, mbuzi wanaingia wanavyotaka, mlinzi hajalipwa hayupo. Kwenye makopo dumuzi walikuwa wameshaanza, hawa wadudu wapya wanaoacha punje imekuwa unga mtupu. Alipofungua kopo la mwisho mwaka huo wa themanini na nne, akakuta zilizo nzima hazijai sufuria dogo. Akaogopa. Akaamua kuzipanda zote, kwa sababu alijua nyingi hazitaota na hakuthubutu kungoja. Akazipeleka Guta, nyuma ya nyumba ya mama yake, wakati wa kiangazi, kusudi pasiwe na mahindi ya mtu mwingine yanayochanua jirani. Maji alichota ziwani kwa ndoo, asubuhi na jioni, yeye na Jenoveva, mpaka dada yangu akawa na kipara kidogo utosini.

Yaliota yaliyoota. Yakapanda. Katika ukame ule, pwani yote ya Guta imekuwa rangi ya ugoro, lile ndilo lilikuwa shamba la kijani peke yake. Watu walikuwa wanakuja kulitazama tu.

Wenceslaus akavalisha mahindi machanga mifuko aliyokuwa amebakiwa nayo. Ikatosha hiyo, lakini ya vichwa ikakosekana. Vichwa vilikuwa vinaanza kuchungulia. Akamwita mama yake shambani. Najua alichomwambia kwa sababu alinirudia maneno hayo mara nyingi baadaye, akiyageuza huku na huku kama mtu anayetafuta tundu kwenye ndoo. Alimwambia: "Mama, haya si ya kwetu, ni amana. Naenda Musoma kutafuta karatasi. Muhindi hata mmoja usiguswe, na mfuko hata mmoja usifunguliwe."

Mama Dafroza akasema atalala hapohapo ikibidi.

Karatasi Musoma. Mnacheka leo kwa sababu mnafungiwa kila kitu kwa karatasi na mnaitupa. Siku hizo dagaa unamiminiwa kwenye kanga. Wenceslaus alizunguka maduka yote, akazunguka ofisi, akapanda mpaka Bweri ambako mafundi walikuwa wanajenga nyumba ya mapadri, akaomba mifuko ya saruji itakayobaki mitupu. Mafundi wakamwambia ngoja, saruji yenyewe inakuja kidogokidogo. Akangoja. Kila siku anarudi kwangu na mfuko mmoja au mikono mitupu, anakaa mlangoni anahesabu kwa kidole siku ambazo vichwa vitakuwa vimefunguka. Nilimwambia aende tu atumie hata magauni. Akasema kitambaa kinapitisha unga.

Mwishowe ikapatikana. Tukaikung'uta saruji mpaka tukawa weupe kope, nikaikata, nikaishona kwa cherehani, mifuko mirefu myembamba, sindano zangu mbili zikavunjika na siku hizo sindano hakuna. Nilimwambia mahindi yakizaa nataka punje moja nitie kwenye hereni. Aliniambia nitapata mbili. Alikuwa amefurahi kweli, sijamwona tena hivyo. Nikasema naenda naye, nikamwone dada yangu na hayo mahindi maarufu. Tukapata lori la pamba mpaka Bunda, kutoka hapo tukatembea na mifuko imefungwa mgongoni kama mtoto.

Mama Dafroza alituona tangu mbali. Alikuja anakimbia, mwanamke wa umri ule, anapangusa mikono kwenye kanga, uso umekonda lakini unacheka. Hakusubiri hata salamu ziishe. Alimshika Wenceslaus mkono.

"Njoo uone, baba. Hata mmoja haujaguswa."

Akatuzungusha nyuma ya nyumba.

Mimi ndiye niliyeona kwanza, au labda Wenceslaus aliona kwanza. Mahindi yote hayakuwa na vichwa. Kila bua lilikuwa limekatwa juu, kwa panga lililonolewa vizuri, sawasawa, mstari kwa mstari mpaka mwisho. Na chini, kiunoni, kila muhindi upo na mfuko wake, umefungwa kwa kamba yake, hakuna hata mmoja uliolegea.

Kwenye boma palikuwa na ng'ombe amesimama kwa shida, mbavu zote nje, na ndama kalowa bado yuko miguuni pake.

Huyo ng'ombe naye niwaeleze. Hakuwa wa Mama Dafroza. Alikuwa wa Mzee Wambura wa Butiama, rafiki wa marehemu mume wake, aliyemweka pale tangu marehemu yu hai. Ng'ombe wa kuwekewa unakunywa maziwa yake, lakini uhai wake ni heshima ya nyumba yako. Kiangazi kile nyasi ziliisha, ng'ombe ana mimba kubwa, akalala chini akakataa kuinuka. Sasa ng'ombe wa watu afe kwa njaa uani kwako, na nyuma ya nyumba kuna majani mabichi ambayo Guta nzima inayajua, utakwenda Butiama kusema nini? Majirani walikuwa wameshaanza kumwuliza.

Mama Dafroza alituambia yote hayo huku anampapasa yule ndama. Alisema alihangaika. Alisali. Kisha akakumbuka maneno ya mtoto wake moja baada ya jingine: muhindi usiguswe, mfuko usifunguliwe. Kuhusu vichwa hakuambiwa kitu. Na vichwa vya mahindi watu wa kwao wote huwapa ng'ombe, ndiyo maana yake, mahindi yakishakomaa unakata juu unalisha. Alikata mapema kwa sababu ng'ombe hakuwa na siku. Na hata hilo la mapema hakuona ubaya wake, maana mashambani kwao ukikata mistari michache mapema mahindi yanajaa vilevile. Unga wa mistari mingine unaletwa na upepo, na nani aliwahi kusimama akautazama. Akakata kwa uangalifu, akishikilia kila bua kwa mkono wa kushoto ili muhindi usitikisike.

"Niliogopa nisije nikakuharibia," akasema. "Nimekata vichwa tu."

Nilimtazama Wenceslaus. Nilitegemea apige kelele, maana yule niliyemjua angepiga. Akainama, akashika mguu wa yule ndama, akauachia.

"Asante, mama," akasema.

Mama Dafroza akaenda kutupikia. Mimi nilikuwa na hasira, na ubaya wa hasira ile ni kwamba haikuwa na mtu wa kumwendea. Jenoveva alikuwa Bunda na mtoto mgonjwa wiki ile yote, hakuwepo. Nikamwambia Wenceslaus kama yeye hawezi, mimi nitamwambia huyu mama alichofanya, ili angalau ajue. Akanikamata mkono, na hajawahi kunikamata mkono kabla ya siku ile.

"Utamwambia nini, shemeji? Kwamba alikata waume? Kwamba mimi nililijua hilo, nikaona aibu kulitamka, nikamwachia? Ukimwambia utakuwa umemtukana kwa mdomo wangu."

Nikamwambia basi aseme kwa maneno mengine. Akasema ameshayatafuta maneno mengine tangu aliposimama pale, na hakuna. Kila neno linapita palepale. Hata angelipata, lingemfikisha mama yake kwenye kitu kimoja, kwamba mkono wake ndio ulioua amana ya mtoto wake, ule mkono wa kushoto ulioshikilia mabua yasitikisike. Macho yangu yalikuwa kwenye panga, limeegemezwa ukutani, limeoshwa.

Tulitafuta bua lililosahaulika. Tulipita mstari kwa mstari, tunainama, tunafunua majani. Lilipatikana moja nyuma ya choo, fupi, limedumaa, kichwa bado kimejifunga ndani ya majani ndiyo maana halikukatwa. Wenceslaus alilivalisha mfuko mmoja wa saruji niliomshonea. Alilimwagilia ndoo nzima peke yake. Alilikalia siku zilizofuata kama mtu anayengoja mgonjwa anywe uji. Kichwa kikatoka. Kilitoka kimekauka, akakikung'uta juu ya karatasi, hakikutoa unga hata wa kufuta machozi ya mbu. Mifuko mingine yote nilirudi nayo Musoma, baadaye nikaitumia kuanzishia moto.

Mngedhani hapo pangeisha. Kilichofuata ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Mama Dafroza aliendelea kuyalinda. Kwake yeye mahindi yalikuwa mazima. Kila akiamka anazunguka, anafukuza ngedere, anaokota mfuko uliopeperuka anaufunga tena. Sasa Wenceslaus afanye nini? Akiacha kumwagilia, mama atauliza kwa nini. Akiuliza, itabidi ajibiwe. Basi akamwagilia. Nawaambieni, mwanaume yule alichota maji ziwani kwa ndoo, asubuhi na jioni, kiangazi kile chote, akiyanywesha mabua yasiyo na vichwa ambayo alijua hayatazaa kitu. Mtoto alipopona Jenoveva akarudi, naye akajitwika ndoo tena, na yeye alikuwa anajua. Wanapishana njiani wanandoa hao, mmoja na ndoo iliyojaa mwingine tupu. Dada yangu aliniambia siku moja alimwomba waache, waseme ni wadudu, waseme lolote. Akamjibu kwamba mama anawaangalia.

Ndani ya mifuko ndevu za mahindi zilikuwa zinazidi kurefuka. Ndivyo zinavyofanya zikikosa unga, zinaendelea kutoka, zinatafuta. Nyingine zilijikunja mpaka zikajaza mfuko kama nywele ndani ya kilemba. Mama Dafroza aliona mifuko inatuna akafurahi. Akasema yameshika mimba vizuri. Yeye aliweza kulisema neno hilo, mtoto wake akageuka akaangalia ziwa.

Wakati wa kuvuna ulipofika Wenceslaus alivuna mwenyewe, hakumruhusu mtu. Alitia mahindi kwenye gunia na mifuko yake vilevile, hakufungua hata mmoja pale Guta, akasema ndivyo Dakta anavyotaka. Mama yake akamwuliza kama yamejaa. Akasema yamejaa. Akalibeba gunia kwenye baiskeli mpaka Bunda, na huko tukafungua, maana nilikuwepo. Magunzi matupu. Laini, meupe, yenye vishimo vilivyopangwa vizuri safu kwa safu, kila kimoja kimengoja punje yake. Tulifungua yote. Sijui kwa nini tulifungua yote, tungeweza kuachia njiani.

Nilimwambia angalau sasa alie. Akasema anasikia usingizi.

Halafu zikaja enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa haraka mpaka watu wakawa wanashika sabuni wanaichekea. Mitumba ikaingia, na ushonaji wangu ukaingia matatani, hiyo ni habari yangu mwenyewe. Mzee Wambura alikuja kutoka Butiama, akamkuta ng'ombe wake mzima na ndama jike kasimama, baada ya kiangazi ambacho wenzake wote waliletewa ngozi. Alishukuru mno. Akamwachia Mama Dafroza yule ndama awe wake kabisa, mbele ya majirani, na Mama Dafroza akajenga jina pale Guta. Alistahili, sipingi. Kila aliyemsifu alimwambia ni mtoto wake Wensi aliyepanda majani yale.

Dakta Mniko hakuwa na habari. Wenceslaus alikuwaga anasema atamwandikia, lakini aanzie wapi. Kazini aliendelea kwenda, akifagia chumba cha mbegu ambacho hakikuwa na mbegu, mpaka baadaye walipokuja kupunguza wafanyakazi naye akapunguzwa.

Kabla ya kupunguzwa huko, sikukuu ya Pasaka moja, tukiwa wote Guta, ikaja gari nyeupe. Alikuwa Dakta, amenenepa, ana mvi kidogo, amepita kituoni akaambiwa Wenceslaus yuko kwa mama yake. Alikuwa na wiki mbili tu nchini. Alisema kule aliko amepata maabara na watu wa kufanya nao kazi ile, wanangoja mbegu. Alimkumbatia Wenceslaus. Wenceslaus akafungua mdomo amwambie, niliona, amemwita pembeni kwa mkono. Lakini Mama Dafroza alikuwa ameshatoka.

Alimjua mara moja. Akamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, akakaa chini mbele yake. Akaanza kumweleza.

Alimweleza yote. Jinsi alivyoachiwa amana yake katika njaa ile. Jinsi alivyofukuza mbuzi na ngedere na watoto wa watu. Jinsi hakuna muhindi hata mmoja ulioguswa wala mfuko uliofunguliwa. Dakta alikuwa anatabasamu, anaitikia. Kisha akafika kwa ng'ombe. Akamwambia namna alivyokuwa amelala chini, na namna Mungu alivyompa akili ya kukata vichwa tu, akamwonyesha kwa mikono, huu wa kushoto umeshika, huu wa kulia unakata.

Tabasamu la Dakta lilibaki usoni muda, halina mwenyewe. Akageuza macho polepole kwa Wenceslaus. Wenceslaus alikuwa anaangalia ziwa. Dakta naye ni mtu wa huku huku, ana mama kijijini kwao. Nilimwona akitafuta maneno, na nilijua anapita mlemle mwenzake alimopita, neno kwa neno, na kwamba atafika palepale.

"Asante sana, mama," akasema.

Mama Dafroza akainuka kwa furaha, akaingia ndani, akatoka na kibuyu na vikombe. Yule ndama alikuwa ng'ombe sasa, ana mtoto wake wa pili. Akammiminia Dakta maziwa mpaka pomoni, akamwambia anywe, haya ndiyo mahindi yake yalivyomlipa. Akamimina cha pili akampa Wenceslaus.

Dakta alikishika kwa mikono miwili. Wakanywa wote wawili, bila kutazamana, na yeye amesimama mbele yao na kibuyu, anangoja wamalize awaongezee.